Mwongozo kamili: kuita wageni waje kuwanoa wahadhiri kwenye utafiti, kuanzia barua ya mwaliko mpaka pepa kutumwa

Wadau wa vyuo, hii naiandika kwa ajili ya waratibu wa utafiti, wakuu wa idara, na hata yule mhadhiri msaidizi aliyeambiwa tu "semina za mwaka huu utasimamia wewe" halafu hakupewa maelekezo mengine yoyote. Nitaongelea zaidi Tanzania kwa sababu ndo mazingira ninayoyafahamu, ila ukiwa Eldoret au Mbarara naamini mengi utayakuta yanafanana na ya kwako.

Niseme msimamo wangu mapema. Mgeni kuja kuongea masaa mawili, watu wakapiga makofi, ikapigwa picha ya pamoja, zikanywewa soda na kila mtu akaenda zake, hiyo haijengi ujuzi wa utafiti. Hamasa itakuwepo kweli, lakini ya Alhamisi ikifika Jumatatu imeshaisha maana kuna mitihani ya kusahihisha na vipindi vinne vya kufundisha. Ujuzi unajengeka pale mgeni anapoishika kazi ya mtu, iwe rasimu ya pepa, dodoso ambalo bado halijaenda fildi au barua ya kukataliwa na jarida, akaifanyia kazi mbele ya wote huku akisema kwa sauti anachofikiria. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga jambo hilo hilo moja: mgeni akute maandishi ya watu mezani, na akiondoka maandishi hayo yawe yamebadilika.

Hatua ya 1: Jua watu wamekwama wapi

Usianze na dodoso refu la kuuliza "unahitaji mafunzo gani", watajaza wachache na karibu wote watatiki uchambuzi wa data kwa sababu ndo jina linalojulikana. Mwombe kila mhadhiri akupe kitu kimoja kilichosimama: pepa iliyolala kwenye laptop, propozo iliyorudishwa, data iliyokusanywa ikaachwa hapo, tasnifu ya PhD ambayo ina sura mbili tatu zinazoweza kuwa pepa na hazijaguswa tangu mahafali. Chukua daftari, andika kando ya kila kimoja kilikwamia wapi hasa. Wengi wanaosema tatizo lao ni takwimu utakuta ukisoma rasimu yao tatizo liko nyuma kabisa, swali la utafiti ni pana kiasi kwamba hakuna programu ya kompyuta itakayolijibu.

Barua za kukataliwa ni siri ya mtu. Omba ruhusa kabla hujazionyesha kwa mgeni, na kama mwenyewe hataki jina lake lionekane, lifute. Ukivujisha moja tu, mwaka mzima hutaletewa nyingine.

Hatua ya 2: Chagua mgeni kwa tatizo, sio kwa ukubwa wa jina

Ukishajua watu wamekwama wapi, sasa tafuta mtu. Hapa wengi wanakimbilia profesa maarufu, na mara nyingi yeye ndo mwenye muda mdogo zaidi wa kusoma rasimu zenu. Mi ningewaangalia hawa:

Mkutubi wa chuo chenu wenyewe. Anasahaulika sana na inaniuma. Huyu ndo anajua chuo kinaingiaje kwenye Research4Life, ule mpango ulioanza na Hinari ya WHO (majarida ya afya) mwaka 2002 na AGORA ya FAO (ya kilimo) ikafuata mwaka uliofuata, ambao unazipa taasisi za nchi kama Tanzania majarida ya kulipia bila kulipa. Kuna wahadhiri wanalalamika hawana machapisho ya kusoma wakati paswedi iko maktaba mita mia mbili kutoka ofisini kwao. Mpe kikao kizima, awafundishe na Zotero hapo hapo, programu ya bure ya kutunza marejeo, kila mtu aondoke imeshasakinishwa kwenye laptop yake.

Mtakwimu, na nitamrudia huko chini maana kikao chake kinahitaji maandalizi ya peke yake.

Mjumbe wa kamati ya maadili ya utafiti. Aje na maombi yaliyorudishwa (bila majina) aonyeshe kwa nini yalirudishwa. Kwa tafiti za afya huku bara watu wanahitaji kuelewa njia ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kama kuna mshirika wa nje ya nchi waelewe na kibali cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Zanzibar wana utaratibu wao, usidhani cha bara kinatosha. Na siku hizi yupo mwingine wa kumwongeza, mwanasheria wa chuo, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na kuna watu bado wanatunza majina na namba za simu za wahojiwa kwenye flashi ambayo haina hata paswedi.

Mhariri wa jarida. Sio lazima atoke Ulaya. Kwa wahadhiri wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa majarida kama Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, na mtu aliyewahi kukaa kwenye meza ya uhariri ya jarida la hapa nyumbani atakwambia kwa nini makala nyingi zinarudi kabla hata hazijafika kwa wapitiaji.

Afisa fedha aliyewahi kusimamia ruzuku ya utafiti. Watu wanajifunza kuandika propozo, wanapata hela, halafu wanakwama kwenye bajeti, manunuzi na marejesho ya matumizi. Huyu ni wa chuo chenu, nauli haihitajiki.

Na Watanzania au Wakenya wanaofundisha nje. Wengi wako tayari, hawajaombwa tu. Kwa Zoom angalia saa vizuri: New York wakiwa saa mbili asubuhi, Dar ni saa tisa alasiri kipindi chao cha joto, na saa kumi kipindi chao cha baridi, London tofauti ni masaa mawili au matatu. Andika saa za pande zote mbili kwenye mwaliko, na kwa mtu wa kule iandike kwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane, maana saa zetu za Kiswahili zimeshakosesha watu vikao vingi.

Hatua ya 3: Barua ya mwaliko

Barua nyingi zinasema "tunakualika uje utoe mada kuhusu mbinu za utafiti". Ukimwandikia mtu hivyo atakuja na slaidi zake zilezile za siku zote na wala hutakuwa na haki ya kumlaumu. Andika kitu cha namna hii:

"Habari za kazi Prof. Idara yetu ina wahadhiri kadhaa ambao wamekusanya data za dodoso na wamekwama kwenye uchambuzi. Tunaomba utusaidie jambo moja: jinsi ya kuchagua kipimo cha takwimu kinachoendana na swali la utafiti. Siku kumi kabla ya kikao tutakutumia rasimu tatu, kila moja isizidi kurasa nne. Tunaomba uongee dakika ishirini tu, muda unaobaki tufanye kazi pamoja juu ya rasimu hizo. Washiriki watakuwa kati ya kumi na ishirini. Tutagharamia nauli na malazi, na posho ni kiasi hiki. Wiki mbili baada ya kikao tutaomba saa yako moja kwa simu au Zoom kuangalia wamefikia wapi."

Unaona hapo kila kitu kipo, dakika, kurasa, idadi ya watu, hela. Mgeni makini anafurahi akipata barua ya hivi kwa sababu anajua anachokuja kufanya. Na ile saa moja ya baadaye iombe hapa hapa mwanzoni, ukisubiri mpaka kikao kiishe utamkuta yuko safarini.

Barua hiyo mtumie mapema, mwezi mmoja na nusu kabla ukiweza. Wiki moja kabla mpigie simu, usitegemee imeili peke yake, umuulize kama rasimu amezisoma. Kama hajazisoma, msisitize kwa heshima, na ikibidi sogeza tarehe mbele. Mgeni ambaye hajasoma rasimu atarudi kwenye mhadhara hata kama nia yake ni njema.

Hatua ya 4: Siku, chumba na hela

Epuka wiki za UE (mitihani ya mwisho wa muhula) na wiki za kusahihisha, hilo linajulikana. Ijumaa mchana kuna swala. Jioni baada ya saa kumi wanaoathirika zaidi ni wahadhiri wanawake wenye watoto wadogo, halafu mwisho wa mwaka tunauliza kwa nini wanawake ni wachache kwenye orodha ya machapisho. Saa nne asubuhi mpaka saa saba, katikati ya wiki, ikifuatiwa na chakula cha mchana, kwa maoni yangu ndo muda mzuri kuliko wote, na mwombe mkuu wa idara asipange vipindi hapo.

Chumba kiwe na meza za kukaa wanne wanne. Ukumbi wa mihadhara wenye viti vilivyopigiliwa sakafuni unawageuza watu wasikilizaji tu. Hakikisha soketi zipo za kutosha, eksitensheni umejaribu mwenyewe, na rasimu umeziprinti, kwa sababu umeme ukikatika karatasi bado zinasomeka.

Posho. Tuongee wazi maana ndo inaua semina nyingi. Mgeni alipwe, ametumia muda wake kusoma. Lakini washiriki, wahadhiri wenyewe, ukianza kuwalipa posho ya kukaa, siku bajeti ikiisha na semina imeisha. Wape chai na chakula kizuri, na hela uliyookoa iweke kwenye kitu kinachosogeza pepa: kuhariri lugha, bando la kukusanyia data, nauli ya fildi ya siku mbili. Mwambie mkuu wa idara alitangaze hilo mapema ili lisionekane ni ubahili wako wewe mratibu.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Dakika ishirini za kwanza mgeni anaongea. Halafu rasimu ya kwanza inawekwa kwenye projekta na anaipitia kwa sauti, aya kwa aya, mwenye rasimu akijibu. Dakika arobaini. Kisha watu wanagawanyika kwenye meza na kila mmoja anafanya kitu kilekile kwenye kazi yake, mgeni anazunguka. Nusu saa ya mwisho kila mtu anaandika kwenye karatasi atakachobadilisha na tarehe atakayomaliza, mratibu anakusanya. Basi, usiongeze hotuba za ufunguzi za watu watatu.

Sasa kuna jambo la heshima, na naomba tulitazame kwa makini kwa sababu vitabu vya mbinu za utafiti mara nyingi haviligusi. Kwenye idara zetu mhadhiri msaidizi amekaa chumba kimoja na profesa aliyemfundisha shahada ya kwanza, anayemsimamia sasa hivi, na ambaye kesho atakaa kwenye kamati ya kumpandisha cheo. Atauliza swali gani pale? Atanyamaza. Na profesa naye hawezi kuonyesha kwamba kuna kitu hakijui mbele ya watoto wake wa darasani. Matokeo yake mgeni anauliza "kuna maswali?" kimya, anauliza mtu mmoja ambaye siku zote ndo anauliza, kikao kinafungwa.

Dawa yake sio kufuta heshima, haifutiki na wala haina sababu ya kufutwa. Fanya hivi: zungumza na profesa mmoja mkubwa wiki mbili kabla, umwendee ofisini, umwombe rasimu ya kwanza kwenye projekta iwe ya kwake. Mweleze kwa nini. Wengi wanakubali ukiwaendea kwa staha, na vijana wakishaona kazi ya Prof. imewekewa alama nyekundu na mgeni na Prof. anaandika pembeni "sawa, nitarekebisha", chumba kinabadilika kabisa. Pili, maswali yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina na mratibu ayasome. Tatu, wakati wa meza, wasiokaa kwenye mnyororo mmoja wa usimamizi wakae pamoja, msimamizi na mwanafunzi wake wa PhD wawe meza tofauti. Nne, ruhusu Kiswahili. Rasimu ni ya Kiingereza, slaidi ni za Kiingereza, sawa, lakini majadiliano yakiwa ya Kiswahili mtu anasema anachofikiri kweli badala ya kutafuta sentensi ya kumlinda.

Mfano: kikao cha mtakwimu

Nikuonyeshe kikao kimoja kinavyoweza kwenda kwa undani. Chukua ukubwa wa sampuli. Fungua tasnifu na pepa za ukanda wetu, utakutana na namba 384 au karibu na 400 mara nyingi mno, mtu ametaja jedwali la sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, au fomula ya Yamane, na amepita. Mgeni aianze hapo ubaoni: 1.96 mara 1.96, mara 0.5 mara 0.5, gawanya kwa 0.05 mara 0.05, unapata 384.16. Aulize kila namba imetoka wapi. Hiyo 1.96 ni ile asilimia 95 ya kujiamini. Hiyo 0.5 inamaanisha umekadiria nusu ya watu wana hicho kitu unachokipima, unaiweka pale usipojua lolote. Na 0.05 ni kosa la asilimia tano unalokubali. Yamane anakupeleka 400 kwa sababu fomula yake imekadiria 2 badala ya 1.96.

Halafu aulize swali la kuuma: rasimu yako unakadiria asilimia ya watu, au unalinganisha makundi mawili? Kama unalinganisha wastani wa alama za wanafunzi wa shule za kutwa na wa bweni, fomula hii sio yako kabisa, unahitaji nyingine inayoangalia tofauti unayotarajia kuiona. Na kama unakadiria asilimia kweli, umechagua watu mmoja mmoja au umechagua shule kwanza halafu ukaingia darasani? Wanafunzi wa shule moja wana mwalimu mmoja na mazingira mamoja, majibu yao yanafanana, kwa hiyo wanafunzi arobaini wa shule moja hawakupi taarifa sawa na arobaini waliotoka shule arobaini. Ukikadiria athari hiyo ni mara 2, 384.16 inakuwa 768.32, yaani watu 769. Ukitegemea asilimia kumi hawatajibu, gawanya 769 kwa 0.9, unahitaji 855. Kutoka 384 mpaka 855!

Sasa hapo kila mtu afungue rasimu yake, aifanye hesabu hiyo kwa kazi yake. Wengine watagundua data yao imeshakusanywa na haitoshi, na mgeni awaonyeshe la kufanya kwa uaminifu, kuandika udhaifu huo wazi, kupunguza madai, au kubadilisha swali likaendana na data iliyopo. Hicho ndo kitu ambacho huwezi kukipata YouTube, kwa sababu YouTube haijaona data yako.

Kikao cha majarida hakina mambo mengi ila usikiruke. Tangu Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani, afute orodha yake ya majarida ya kitapeli mwaka 2017 watu wengi wamebaki hawana pa kuangalia. Mhariri awafundishe kuangalia kama jarida lipo DOAJ (orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure), kutumia maswali ya tovuti ya Think. Check. Submit. ya kupima jarida kabla hujalitumia kazi, na kuomba msamaha wa ada ya kuchapisha, maana wachapishaji wengi wanatoa punguzo au kusamehe kabisa kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, ila wengi wao wanataka uombe kabla ya kutuma au wakati wa kutuma, usisubiri mpaka ukubaliwe. Na awakazie kuhusu ChatGPT: inaweza kubuni marejeo yasiyokuwepo yakiwa na majina mazuri kabisa, na COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, ilishasema mwaka 2023 kwamba haiwezi kuandikwa kama mwandishi. Kila rejeo lifunguliwe na lisomwe.

Hatua ya 6: Wiki zinazofuata

Siku ya pili asubuhi tuma kwenye grupu la WhatsApp orodha ya ahadi, jina, kazi, tarehe. Gawa watu makundi ya wanne, kila kundi likutane saa moja kwa wiki, nusu saa kuandika kimya na nusu saa kusomeana. Chagua siku moja isibadilike. Kundi likikosa mara mbili mfululizo mfuate kiongozi wake uso kwa uso, usimseme kwenye grupu.

Wiki mbili baadaye ndo ile saa moja ya mgeni. Mpelekee maswali yaliyokusanywa, sio "habari za siku nyingi Prof.". Anayehitaji mlezi wa muda mrefu mwelekeze AuthorAID, mpango ulioanzishwa mwaka 2007 na INASP, shirika la Uingereza la kusaidia watafiti, unaowaunganisha watafiti wa nchi zinazoendelea na walezi wa kujitolea, bure.

Hatua ya 7: Kupima

Fomu ya "umefurahia kikao kwa kiwango gani" itakuja na alama za juu kila mara na haitakwambia kitu. Pima kwa lile daftari la hatua ya kwanza. Vitu vilivyokuwa vimesimama, vingapi vimesogea hatua moja? Rasimu iliyotumwa jaridani ni hatua, propozo iliyorudi kwenye kamati ikiwa imerekebishwa ni hatua, hata pepa iliyokataliwa ikiwa na maoni ya wapitiaji ni hatua, maana sasa mtu ana cha kufanyia kazi. Usitarajie pepa kuchapishwa ndani ya mwaka ule ule, majarida mengi yanachukua miezi mingi, kwa hiyo mkuu wa idara akikuuliza machapisho yako wapi baada ya muhula mmoja mwonyeshe daftari.

Kwa mwaka mmoja vikao sita vinatosha, vikizidi hapo watu hawapati muda wa kuandika katikati. Mpangilio ningeuweka hivi: swali la utafiti, kisha maktaba na Zotero, sampuli, maadili na utunzaji wa data, kuandika na kuchagua jarida, na mwisho kujibu wapitiaji. Hicho cha mwisho kiwekee watu wenye barua halisi mkononi, na mgeni awafundishe jedwali la safu tatu: mpitiaji amesema nini, nimejibu nini, nimebadilisha ukurasa gani. Kila hoja ijibiwe, hata ile usiyokubaliana nayo, kwa adabu na kwa sababu.

Ripoti kwa amidi au rasi wa ndaki iwe ukurasa mmoja, na iambatane na maombi ya bajeti ya mwaka ujao siku hiyo hiyo, kabla bajeti ya chuo haijafungwa.